Mwili wa 95: kwa nini mpelelezi wa Zama za Kati huwa mtawa?

Agosti 1138, Mfalme Stephen wa Uingereza aliiteka ngome ya Shrewsbury, mji ulio karibu na mpaka wa Wales. Walinzi wa ngome hiyo walikuwa upande wa Matilda, binamu wa Stephen aliyekuwa akigombea naye kiti cha enzi. Stephen alisifika kwa upole, tena upole ambao wengi waliuona udhaifu, lakini safari hii aliamua kuonyesha makali. Akaamuru wanyongwe. Habari hiyo tunayo kwa sababu mmonaki mmoja aliiandika: Orderic Vitalis, aliyezaliwa jirani na mji huo na kupelekwa monasteri ya Saint-Evroul, Normandy, akiwa na miaka 10. Anamtaja Arnulf wa Hesdin na wengine wapatao 93. Jumla, 94.

Mwaka 1979 mwandishi Edith Pargeter, anayejulikana zaidi kwa jina la kalamu la Ellis Peters, aliichukua hesabu hiyo akaiongezea mtu mmoja. Katika riwaya yake, Bruda Cadfael wa abasia ya Shrewsbury anapewa kazi ya kuiandaa miili hiyo kwa maziko. Anahesabu, anarudia kuhesabu: ni 95. Mmoja kati yao hakufa kwa amri ya mfalme. Amekabwa kwa kamba nyembamba kutoka nyuma, kisha akatupwa kati ya wafu wengine ili apotelee humo.

Tofauti hiyo mtu aliyezoea kuwatazama wafu huiona. Anayenyongwa kwa kuning'inizwa, uzito wa mwili huivuta kamba, na alama hupanda kuelekea sikioni. Anayekabwa kutoka nyuma, mstari huzunguka shingo karibu sawasawa. Askari wa mfalme hawakuwa na sababu ya kuangalia. Kwao hao walikuwa maadui waliokwisha. Aliyeangalia ni yule aliyekuja kuosha.

Cadfael alikuwa ameanza kazi yake katika riwaya ya mwaka 1977, na hadi 1994 alikuwa na riwaya 20. Nyuma yake wamefuata mabruda na masista wa kutosha kujaza kabati zima: wanaochunguza sumu, visu vya mgongoni, wosia wa kughushi, watu waliokufa maji wakiwa na mapafu makavu. Kwa nini watawa? Kwa nini si askari, au mwanasheria, au mganga wa mjini?

Jibu la kwanza ni kwamba hapakuwa na mwingine. Polisi wa mji wa London kama tunavyowajua walianza mwaka 1829. Katika Uingereza ya Stephen kulikuwa na sherifu, mtu wa mfalme katika jimbo, mwenye kazi za kodi, vita na magereza kabla hajafikia kesi ya mtu aliyeokotwa mtaroni. Anayekuta mwili alipaswa kupiga ukelele, na majirani wote watoke kumkimbiza mwuaji. Asipopatikana, mambo yalianza kuharibika. Tangu Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066 kulikuwa na faini iliyotozwa eneo zima ikiwa mtu ameuawa, mwuaji hajulikani, na haikuthibitishwa kwamba marehemu alikuwa Mwingereza. Fikiria kijiji kinachoamka na kukuta mwili wa mgeni shambani. Kishawishi cha kuusukuma ng'ambo ya mpaka wa kijiji jirani kilikuwa kikubwa kuliko hamu ya kujua nani kamuua.

Ofisa maalumu wa kuchunguza vifo vya ghafla alianzishwa Uingereza mwaka 1194. Hata huyo, usimpambe sana. Aliitisha watu wa eneo hilo, akatazama majeraha, akaandika, lakini moyo wa kazi yake ulikuwa hazina ya mfalme: mali ya mtu aliyepatikana na hatia iliingia serikalini, na lazima kuwe na mtu wa kuiorodhesha.

Halafu kuna suala la ushahidi wenyewe. Mshukiwa angeweza kubebeshwa chuma cha moto, mkono ukafungwa, na baada ya siku 3 kidonda kikatazamwa: kikiwa kinapona vizuri, Mungu amesema hana hatia. Au alizamishwa majini. Watu waliamini pia kwamba mwili wa aliyeuawa hutoka damu upya mwuaji akiukaribia. Katika dunia ya namna hiyo, anayeuliza "ulikuwa wapi jana usiku?" ni mtu wa ajabu kidogo, na mwandishi anahitaji mahali pa kumtoa.

Monasteri inamtoa bila kulazimisha. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6 na kufuatwa na Wabenedikto hadi leo, inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Kwa hiyo kwenye nyumba ya wageni analala mfanyabiashara, mjane anayekwenda kuhiji, askari mtoro, na mwuaji. Getini kanuni inataka akae mzee mwenye busara, anayejua kupokea ujumbe na kuujibu, na ambaye umri wake haumruhusu kuzurura. Shahidi bora kuliko huyo utampata wapi?

Ratiba nayo inasaidia. Wamonaki huamka usiku wa manane kusali, wakati wa baridi yapata saa nane usiku, na kanuni inampa kila mmoja nafasi yake kwa kufuata siku aliyoingia utawani. Nafasi ikiwa tupu, wote wanaona. Watu 40 au 50 waliofungiwa ndani ya ukuta mmoja, kila mmoja akijua mwenzake anakohoaje: waandishi wa hadithi za upelelezi hutumia kurasa nyingi kutengeneza mazingira kama hayo, kwa kuwapeleka watu kisiwani au kuwafungia ndani ya treni. Hapa yamekuja yenyewe.

Lakini lililo zito zaidi ni dawa. Abasia kubwa ilikuwa na chumba cha wagonjwa na bustani ya mitishamba, na kanuni iliagiza wagonjwa wahudumiwe kabla ya mambo mengine yote. Msomaji aliyekulia Ruvuma au Mtwara hahitaji kuelezwa sana, maana Wabenedikto waliofika Peramiho na Ndanda walijenga hospitali, karakana na matbaa ubavuni mwa kanisa. Mtawa Mbenedikto Hildegard wa Bingen, aliyeishi Ujerumani kati ya 1098 na 1179, aliandika kwa kirefu juu ya mimea, mawe na magonjwa. Anayejua dawa anajua sumu, kwa kuwa mara nyingi ni chupa ileile. Akoniti, mmea wa maua ya rangi ya zambarau, mizizi yake ilisagwa na kuchanganywa na mafuta ya kuchulia viungo vinavyouma. Ukipakwa, ngozi hufa ganzi na maumivu hupoa. Ukimeza, ganzi huanza mdomoni na ulimini, kutapika hufuata, kisha moyo hupoteza mapigo yake. Pargeter alijenga riwaya nzima juu ya mafuta hayo: mtu amekula sumu, na sumu imetoka kwenye rafu ya Cadfael mwenyewe. Hakukisia. Kabla ya vita vya pili vya dunia alifanya kazi miaka kadhaa katika duka la dawa.

Na kuna kuosha wafu. Kama mwosha maiti wa kwetu, bruda huyu anauona mwili bila nguo na bila cheo, kovu kwa kovu, katika muda ambao ndugu bado wanalia nje.

Mwandishi mzuri pia huchagua kwa makini ni mtawa wa aina gani. Cadfael si padre. Aliingia monasteri akiwa mtu mzima, baada ya kupigana katika vita vya msalaba na kuwa baharia, na hilo lina manufaa kuliko linavyoonekana. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa wa mwaka 1215, uliamuru kila muumini aungame walau mara moja kwa mwaka, na ukaweka adhabu kwa padre anayetoa siri ya maungamo: kuvuliwa upadre na kufungiwa katika monasteri kali afanye toba maisha yake yote. Padre akishaungamiwa na mwuaji, upelelezi wake umekwama. Anajua na hawezi kusema. Wapo waandishi wanaoutumia mkwamo huo kwa ustadi. Pargeter aliukwepa tangu mwanzo.

Mtaguso huohuo ulifanya jambo jingine kubwa. Ulipiga marufuku mapadre kubariki chuma cha moto na maji ya kupimia hatia. Bila baraka, kipimo hakikuwa na maana, na miaka michache baadaye mahakama za Uingereza ziliachana nacho na kuwategemea wazee wa baraza. Bara la Ulaya lilifuata njia nyingine: hakimu mwenyewe kuuliza, kuandika, kulinganisha maelezo ya mashahidi. Na waliobobea katika kuuliza huko wakawa watawa wa aina mpya.

Hawa walikuwa Wafransisko na Wadominiko, watawa ombaomba, mashirika yaliyozaliwa mwanzoni mwa karne ya 13. Mmonaki anakaa, hawa wanatembea, wanahubiri mijini, wanafundisha vyuo vikuu. Mfransisko Roger Bacon aliandika juu ya lenzi na mwanga. Mwaka 1306 Mdominiko Giordano wa Pisa alisema katika mahubiri kwamba haijapita miaka 20 tangu ufundi wa miwani ugunduliwe. Basi Umberto Eco alipoandika riwaya yake ya mwaka 1980, inayotokea mwaka 1327 katika abasia ya milimani kaskazini mwa Italia, akamtwika Mfransisko William wa Baskerville miwani puani na kumbukumbu za Bacon kichwani, alikuwa ndani ya historia kabisa. Jina Baskerville ni mzaha kwa wanaomjua Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi ambaye kisa chake kimoja mashuhuri kina jina hilo.

Hapa ndipo ninapowashuku waandishi kidogo. Riwaya inamweka William upande mmoja na Bernard Gui upande wa pili. Gui alikuwa mtu halisi, Mdominiko, aliyeandika mwongozo wa namna ya kuwahoji watuhumiwa wa uzushi, yaani imani inayopingana na mafundisho ya Kanisa: jinsi wanavyokwepa swali, jinsi ya kuwarudisha. Ukiuliza ni nani katika karne hizo aliyewahoji watu mmoja mmoja, akaandika kila jibu, akawaita tena na kuwabana kwa yale waliyosema mwanzo, jibu si Cadfael. Ni Gui na wenzake, na waliowahoji walikuwa maskini wa vijijini kwa kosa la imani yao. Hata Eco hakulikwepa jambo hilo: William wake aliwahi kuwa mmoja wa wahoji hao, akaacha. Mabruda wengi wapole waliofuata katika riwaya za watu wengine wamerithi ufundi huo bila deni lake.

Masista wana shida yao, nayo ni ukuta. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliagiza watawa wa kike wakae ndani ya nyumba zao, wasitoke ila kwa sababu nzito. Mwandishi anayemtaka sista mpelelezi katika karne ya 15 lazima ampe safari: maziko ya ndugu, kesi ya ardhi ya konventi (nyumba ya masista), hija. Njia nyingine ni kurudi nyuma. Sista Fidelma wa Peter Tremayne, aliyeanza katika hadithi fupi mwaka 1993, anaishi Ireland ya karne ya 7 na ni mwanasheria. Riwaya yake ya kwanza inatokea kwenye sinodi (mkutano wa Kanisa) ya Whitby, Uingereza, ya mwaka 664, na mwenyeji wa sinodi hiyo kihistoria alikuwa mwanamke, abesi Hild, aliyeongoza wanaume na wanawake katika monasteri moja. Sheria za Ireland za zama hizo zilimtoza mwuaji fidia kwa ndugu wa marehemu, jambo linalobadilisha kabisa kurasa za mwisho.

Kurasa hizo za mwisho ndizo zinazonifanya niamini kwamba chaguo la mtawa si la kubahatisha. Sheria ya Kanisa iliwakataza watu wa Kanisa kutoa hukumu ya kifo au kumwaga damu. Kwa hiyo bruda anaweza kulijua jina la mwuaji, lakini kamba haiko mikononi mwake. Cadfael zaidi ya mara moja humjua mwenye kosa na kumwachia njia nyingine, huku rafiki yake Hugh Beringar, naibu wa sherifu, akiangalia pembeni.

Historia ina mfano wake. Tarehe 6 Aprili 1252, katika barabara ya Como kwenda Milano, Mdominiko Pietro wa Verona, mhoji wa wazushi, alipigwa kichwani na mtu wa kukodiwa aliyeitwa Carino. Kanisa lilimtangaza Pietro mtakatifu kabla ya mwaka mmoja kupita. Carino alikamatwa, akatoroka, akafika Forlì, akaungama. Wadominiko wa huko, shirika lilelile la mtu aliyemuua, walimpokea kama bruda wa kawaida, akaishi nao hadi kufa, na watu wa mji wakaja kumheshimu kama mwenye heri. Mwandishi wa hadithi za upelelezi hana la kufanya na kisa hicho: mwuaji anajulikana tangu mwanzo, na hakuna mpelelezi aliyehitaji kumtafuta.