Maabara ya lugha ya chuo kikuu ni nini, na ndani yake kuna nini

Maabara ya lugha ni chumba ambamo mwanafunzi husikia lugha anayojifunza, hujirekodi akiitamka, kisha hulinganisha sauti yake na ya msemaji wa mfano. Hilo la tatu ndilo muhimu. Chuo kinaweza kuweka kompyuta 40 mpya na skrini kubwa ukutani, lakini ikiwa mwanafunzi hawezi kusikiliza sentensi ya mfano na ya kwake zikifuatana, hicho ni chumba cha kompyuta tu.

Vyumba hivi vilienea Marekani hasa baada ya sheria ya mwaka 1958 iliyotoa fedha za serikali kwa ufundishaji wa sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Mashine zilikuwa za utepe wenye njia mbili: moja ya sauti ya mfano, isiyofutika kwa mkono wa mwanafunzi, na nyingine ya sauti yake, aliyoweza kuirekodi upya kila mara. Programu za leo zimehamishia njia hizo mbili kwenye skrini.

Zoezi la msingi lina hatua nne: sauti ya mfano, kimya ili mwanafunzi ajibu, jibu sahihi, kisha kimya kingine ili arudie. Kimya kiwe kama mara moja na nusu ya urefu wa sentensi. Sentensi ya sekunde 4 ipewe sekunde 6. Kikiwa kifupi, jibu sahihi linamkatiza katikati. Sentensi ikiwa ndefu mno, ataanza kuacha maneno, na hapo kinachopimwa ni kumbukumbu wala si matamshi. Dawa yake ni kuijenga kutoka mwisho kuja mwanzo, kipande kwa kipande, ili kiimbo cha mwisho kisipotee.

Kwenye meza ya mwalimu kuna programu ya kusikiliza kituo kimoja bila kuwakatiza wengine, kuunganisha wanafunzi wawili wazungumze, na kukusanya rekodi zote kwa pamoja. Kituo cha mwanafunzi kina kompyuta na hedifoni zenye maikrofoni, na matatizo mengi huanzia hapo kwenye hedifoni. Zinazofaa ni za waya, zinazoziba sikio lote, la sivyo maikrofoni itanasa sauti ya jirani. Maikrofoni ikae pembeni mwa mdomo, kama sentimita 2 au 3, kwa sababu ikiwa mbele kabisa hewa ya vipasuo kama p na b huipiga na kuacha mshindo kwenye rekodi. Hedifoni za Bluetooth tunazikataa. Huchelewesha sauti, na mtu anayejisikia kwa kuchelewa hata sehemu ya tano ya sekunde huanza kubabaika. Isitoshe, maikrofoni yake inapowashwa, nyingi hushusha ubora wa sauti hadi kiwango cha simu.

Kiwango hicho kina hasara mahususi. Simu ya kawaida hukata masafa yaliyo juu ya karibu 4,000 Hz (mitetemo kwa sekunde), ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya s iko juu ya hapo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejaribu kutofautisha “thamani” na “samani” atakuwa amenyimwa kile hasa anachotakiwa kukisikia. Vivyo hivyo kichuja kelele cha programu za mikutano ya video: huweza kuvidhania vikwamizo, yaani sauti kama s na th, kuwa kelele na kuvifuta. Kizimwe kabla ya kurekodi.

Rekodi asili zihifadhiwe kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia moja. Hiyo ni takriban megabaiti 5 kwa dakika. Wanafunzi 30 wakirekodi dakika 10 kila mmoja, zinajaa gigabaiti 1.6. Nakala za kusikiliza zinaweza kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, karibu megabaiti 1 kwa dakika. Kilele cha sauti kisipite desibeli −6 kwenye kipimo cha programu, ambako 0 ndiyo kikomo, kwani sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki vizuri baadaye.

Maandishi ya rekodi yatolewe baada ya kusikiliza. Yakitangulia, mwanafunzi atasoma badala ya kusikiliza. Kupunguza kasi hadi asilimia 75 kunasaidia, lakini chini zaidi ya hapo sauti huanza kuburura.

Kwa kiimbo na toni, programu ya bure ya Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, huchora mstari wa kidatu, yaani jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Kwa sauti nzito anza na masafa ya 75 hadi 300 Hz, kwa nyembamba 100 hadi 500. Yakiwekwa vibaya, mstari huruka ghafla hadi mara mbili au nusu ya kidatu halisi, na mwanafunzi huhangaika kurekebisha kosa ambalo hakulifanya.