Amotizesheni ni nini?

Neno hili lina asili ya Kilatini, katika mzizi wenye maana ya kifo. Kwa upande wa deni, ni kama kuliua kidogo kidogo. Katika biashara ya leo lina kazi mbili, na wengi huzichanganya.

Kazi ya kwanza iko kwenye vitabu vya hesabu. Kampuni ikinunua mali isiyoshikika, kama hataza (haki ya pekee ya kutumia uvumbuzi), leseni au programu ya kompyuta, gharama yake haibebeshwi mwaka mmoja. Inagawanywa katika miaka ambayo mali hiyo itatumika. Hataza ya shilingi 60,000,000 iliyobakiza miaka 10 itaandikiwa gharama ya 6,000,000 kila mwaka. Baada ya miaka minne, thamani yake vitabuni ni 36,000,000. Kwa mashine au gari hesabu ya namna hii huitwa uchakavu. Mali isiyoshikika ambayo ukomo wa matumizi yake haujulikani, kama nembo ya biashara inayoweza kuhuishwa daima, haigawanywi hivyo chini ya IFRS, yaani kanuni za kimataifa za kuandaa taarifa za fedha. Hupimwa kila mwaka kuona kama thamani yake imeshuka.

Jambo linalosahaulika hapa ni kwamba ile 6,000,000 haitoki mfukoni. Fedha ilishalipwa siku ya kununua. Faida inapungua kwenye karatasi, lakini akaunti ya benki haiguswi.

Kazi ya pili ni ya mikopo, na hapa fedha inatoka kweli. Ni kulipa deni kwa marejesho yanayolingana, kila rejesho likiwa na riba na sehemu ya deni lenyewe. Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unaolipwa kwa miezi 12. Rejesho ni kama 88,849 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 10,000 ni riba. Mwezi wa mwisho riba haifiki hata 1,000, kwa sababu inapigwa juu ya deni lililobaki tu. Jumla ya riba ni kama 66,185.

Wapo wakopeshaji wanaopiga riba juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwezi wa mwisho. Kwa asilimia ile ile 12, riba inakuwa 120,000. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, omba jedwali la marejesho, uone deni linavyopungua mwezi kwa mwezi.