Buster Keaton na kamera iliyokaa mbali

Kijana anayejifunza uhariri wa filamu kwangu aliirudisha ile picha mara nne. Mwanamume amesimama uwanjani, kimbunga kinavuma, na ukuta mzima wa mbele wa nyumba unang'oka na kumwangukia. Yeye hata hatikisiki. Ukuta unalala chini kwa kishindo, naye amebaki wima ndani ya tundu la dirisha la juu. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, wamekata wapi?"

Hawajakata popote: ni picha moja mfululizo, haikuunganishwa kwa vipande. Ukuta ule uliangushwa Sacramento, California, kwa ajili ya filamu ya *Steamboat Bill, Jr.* ya mwaka 1928. Ulikuwa na uzito wa kama tani mbili, na dirisha lilimpita Buster Keaton, mchekeshaji na mtengenezaji wa filamu za kimya wa Marekani, kwa nafasi ya inchi chache tu kila upande. Angesogea hatua moja, tusingekuwa na habari nyingine ya kuandika.

Mimi naishi kwa kukata picha, kwa hiyo hili nalisema kwa uchungu kidogo: kuna kicheko ambacho mhariri akikigusa tu, kinakufa. Ukikata kutoka kwenye uso wa mtu kwenda kwenye ukuta, kisha ukarudi kwenye uso, mtazamaji anajua moyoni kwamba mtu na ukuta hawakukutana. Keaton alilijua hilo mapema kuliko karibu wenzake wote. Aliiweka kamera mbali, mwili wake wote uonekane kuanzia kofia hadi viatu, halafu akaiacha iendelee kurekodi bila kukatiza.

Alilitoa wapi? Jukwaani. Alizaliwa 1895 huko Piqua, Kansas, mtoto wa wasanii wa maonyesho ya kuzunguka mji hadi mji. Angali mdogo, baba yake alikuwa akimrusha huku na huko mbele ya watu, na kwenye nguo yake walishona mpini wa sanduku ili ashikike vizuri. Humo akagundua jambo: akianguka kisha akacheka, watu wananyamaza, akianguka akabaki na uso mkavu, ukumbi unavunjika mbavu. Ule uso wake usiotabasamu ulikuwa chombo cha kazi kama nyundo ya seremala. Wanaodhani alikuwa mtu wa huzuni tu wamekosea.

Mwaka 1917, mjini New York, mchekeshaji Roscoe Arbuckle alimkaribisha kwenye filamu zake. Keaton mwenyewe alisimulia kwamba kilichomvutia zaidi siku zile ni kamera: alitaka kujua inavyofanya kazi ndani. Mimi namwamini, kwa sababu alipopata studio yake 1920, alianza kuitumia kamera kama fundi anayejua kila skrubu.

Tazama *The Playhouse* ya 1921. Alikuwa ameumia mguu kwenye ngazi ya umeme wakati wa kutengeneza filamu nyingine, hivyo akahitaji kichekesho kisicho na kuruka sana. Akaja na ukumbi wa maonyesho ambamo kila mtu ni Keaton. Kuna picha moja yenye Keaton tisa wamepangwa jukwaani kwa pamoja. Siku hizi kompyuta inafanya hivyo kabla chai haijapoa. Wakati ule walifunika lenzi kwa kifaa chenye vifuniko vidogo, wakafungua kimoja, wakapiga picha, wakakifunga, wakaurudisha mkanda ule ule mwanzo, wakafungua cha pili, hadi mara tisa. Kamera zenyewe ziliendeshwa kwa mpini uliozungushwa kwa mkono. Mpiga picha wake, Elgin Lessley, alilazimika kuzungusha kwa kasi ile ile mara zote tisa, maana mkono ukichelewa kidogo tu, Keaton mmoja anacheza haraka kuliko jirani yake. Mara ya tisa ikiharibika, zote nane zilizotangulia zimepotea. Nikiifikiria kazi hiyo, mikono yangu inatoka jasho.

Kwenye *Sherlock Jr.*, 1924, anaingia ndani ya skrini ya sinema na mandhari yanabadilika huku yeye amebaki pale pale: bustani, barabara, jabali, simba, bahari. Hapo wamekata, tena sana, lakini kila mkato ulipimwa kwa vifaa vya wapima ardhi ili mwili wake usihame hata kidogo. Katika filamu hiyo hiyo maji ya tangi la reli yalimwangusha kichwa kikagonga chuma. Akaumwa kichwa, akaendelea na kazi. Miaka kadhaa baadaye ndipo daktari alipoona kwenye eksirei kwamba shingo ilikuwa imevunjika na kupona yenyewe.

*The General*, 1926, ndiyo niipendayo kuliko zote. Treni halisi, daraja halisi linaloungua juu ya mto huko Oregon, na garimoshi likatumbukia kweli. Hakuna kurudia. Gharama ilikuwa kubwa mno, na mapato yakawa haba.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 1928 mtayarishaji wake, Joseph Schenck, ambaye pia alikuwa shemeji yake, alimshawishi aende MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood. Charlie Chaplin, mchekeshaji mwenzake, alimwonya asikubali. Akakubali, na baadaye akauita uamuzi huo kosa kubwa kuliko yote maishani mwake. Watu husema kuja kwa filamu za sauti ndiko kulikoiua kazi yake. Sikubaliani nao: baadhi ya filamu zake za sauti ziliuza vizuri kuliko zile za kimya. Alichonyang'anywa ni haki ya kuamua kamera isimame wapi. Yeye alizoea kuanza na mwanzo na mwisho wa hadithi, katikati ikapatikana kazini. MGM walitaka kila kitu kiandikwe na kupitishwa kwanza. Ndoa ikavunjika, pombe ikamzidi, na 1933 wakamfukuza. Baadaye walimrudisha kwa mshahara mdogo awabunie wengine vichekesho.

Kijana wangu nikampa filamu ya mwisho ya kutazama: *The Railrodder*, fupi, ya Kanada, 1965. Keaton ana umri wa miaka 69, anaivuka nchi nzima kwa kigari kidogo cha reli. Alitaka avuke daraja refu la juu akiwa amegubikwa na ramani kubwa iliyomvuruga, haoni mbele. Mwongozaji kijana akaona ni hatari, akapendekeza jambo jepesi zaidi. Mzee akakasirika kwelikweli; kwake kuvuka daraja namna ile lilikuwa jambo la kitoto. Mwishowe wakampa alichotaka. Kigari kinapita darajani, ramani inapepea, na kamera ipo mbali kabisa.