Kutoka mkalitusi hadi karatasi: masomo yanayomfikisha kijana kiwandani

Chukua ukurasa wa daftari, uuchane kwa urefu, kisha uchane mwingine kwa upana. Mmoja utachanika wima bila taabu, wa pili utakwenda upogo. Karatasi hutengenezwa juu ya mashine iendayo kasi, na nyuzi za mti hulala zikifuata mwendo wake. Kijana wa Kadutu au Bagira, hapa Bukavu, anayejiuliza mambo kama hayo tayari ana jicho la kazi ninayotaka kuieleza: uhandisi wa mazao ya mimea, yaani elimu ya kugeuza mti, muwa au gome kuwa bidhaa kwa kemia, joto na maji.

Wazazi wengi hutuambia kwamba karatasi inakufa kwa sababu ya simu. Kwa magazeti, wana haki. Lakini maboksi, mifuko ya saruji, karatasi za chooni na vifungashio vya chakula vinahitajika duniani kuliko zamani. Hapa kwetu Kongo, amri ya serikali ya mwisho wa 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na hata hivyo plastiki inaendelea kuziba bwawa la Ruzizi na kutukatia umeme. Kifungashio kitakachochukua nafasi yake lazima kuwe na mtu anayejua kukitengeneza.

Anayejua huyo anasoma nini hasa? Aanze na mti wenyewe. Katika mti mkavu, karibu nusu ni selulosi, ule uzi tunaoutaka. Sehemu inayobaki ni sukari za aina nyingine na lignini, inayozigandisha nyuzi na kumpa mti ugumu. Njia iliyoenea zaidi ya kuitoa lignini ni ile aliyoigundua Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879: vipande vya mti hupikwa kwa shinikizo, kwenye nyuzijoto 160 hadi 170, pamoja na salfidi ya sodiamu na soda kaustiki, soda ile ile ya watengeneza sabuni. Lignini huyeyuka na nyuzi huachana. Tani 2 za mti mkavu hutoa takribani tani 1 ya rojo, yaani nyuzi hizo zinazotengenezewa karatasi.

Hapo ndipo uhandisi unapoanza kunoga. Maji meusi yaliyobaki baada ya kupika hayamwagwi. Hukaushwa mpaka yawe mazito, kisha huchomwa ndani ya boila kubwa, mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke. Lignini ikiwaka inatoa mvuke na umeme wa kuendesha kiwanda, na chini ya tanuru zinabaki kemikali zinazorudishwa kazini. Kiwanda cha kisasa cha rojo huweza kujitosheleza kwa umeme na hata kuuza wa ziada. Mwanafunzi akiielewa boila hiyo, kila kilo inayoingia na kila kilo inayotoka, ameelewa moyo wa fani yote.

Baadaye nyuzi husagwa ndani ya maji zitoe vinyweleo, kama sombe (majani ya muhogo) inavyotwangwa ilainike, ili zishikane vizuri. Rojo linapofika kwenye mashine lina kilo 1 tu ya nyuzi, au pungufu, katika kila kilo 100. Yote mengine ni maji. Wavu huyachuja, roli huyakamua, mitungi ya moto huyakausha, na mwishoni karatasi hubaki na unyevu wa asilimia 5 hadi 8. Kutengeneza karatasi, kwa sehemu kubwa, ni kuyaondoa maji kwa gharama nafuu.

Mikalitusi iliyojaa milimani kwetu, ambayo mingi huishia kuwa makala, yaani mkaa, na nguzo, ina nyuzi fupi za milimita 1 hivi. Zinafaa kwa karatasi laini na za kuandikia. Mfuko wa saruji hutaka nyuzi ndefu za msonobari. Hata hivyo sipendekezi kiwanda cha kupika miti kando ya Ziwa Kivu. Viwanda vya namna hiyo siku hizi hujengwa vikubwa mno, vingine vikitoa zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka, na maji machafu yake yanataka usafishaji mkali. Kwetu ningeanza na karatasi kuukuu: kuzilowesha, kuzisaga na kufinyanga trei za mayai. Kazi hiyo haihitaji salfidi wala shinikizo.

Njia ya masomo basi. Baada ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, licence (shahada ya kwanza) ya kemia katika Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, UOB, ni mwanzo mzuri. Anayependa mitambo aangalie Polytechnique, kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, maana matangi, vichujio na pampu za viwanda vya shaba hufuata kanuni zile zile. Umaalumu wenyewe hupatikana nje. Karibu na Grenoble, Ufaransa, kuna Pagora, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya karatasi mwaka 1907, na Kifaransa chetu kinatusaidia. Kuna pia Chuo Kikuu cha Québec huko Trois-Rivières, na Aalto nchini Finland kwa anayejua Kiingereza. Asiyeipenda hesabu nitamwambia wazi: bila hesabu za joto na mtiririko, fani hii haisomeki.

Woga wa wazazi ni kwamba mtoto atarudi asikute kiwanda cha karatasi Bukavu. Ni woga wa haki. Lakini aliyejifunza kutoa selulosi kwenye mti anaweza kufanya kazi Pharmakina, inayotoa kwinini kwenye gome la mti hapa hapa mjini, au kwenye sukari, chai na bia. Hata tembe nyingi za dawa hushikanishwa kwa selulosi iliyosafishwa.

Aliye mwaka wa pili au wa tatu aombe staji, yaani mafunzo ya kazini, katika kiwanda chochote chenye boila. Akifika, aulize maji yanaingia kiasi gani kwa siku, yanatoka wapi, na mvuke unakwenda wapi. Ayaandike kwenye daftari, achore mchoro wa mitambo kwa mkono wake, na aje nao kwetu tuupitie pamoja.