Mito ya Kilimanjaro haiishi kwa barafu ya Kibo

Nimelisikia tena, safari hii kwa mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, mzee anayeujua mfereji wake kuliko nitakavyoujua mimi: "Barafu ya mlima ikiisha, na sisi tumekwisha. Mito yote itakauka." Nimeshalisikia kwa wakulima wa Hai, kwa wanafunzi Moshi mjini, kwa waongoza watalii, hata kwa watu wanaopanga bajeti za maji. Katika kazi yangu ya maji kwenye bonde la mto Pangani, unaopokea maji ya mlima huu, hakuna dhana inayonichosha kama hii, kwa sababu inawafanya watu wakodolee macho kileleni wakati maji yao yanapotelea chini ya miguu yao.

Barafu inapungua, hilo halina ubishi. Mwaka 1912 ilifunika takriban kilometa za mraba 12, na leo hazifiki hata mbili. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa makadirio kwamba barafu iliyobaki Afrika, ya kilele cha Kibo ikiwemo, itakuwa imetoweka ifikapo 2050. Inaniuma kama inavyomuuma kila aliyezaliwa akiuona mlima ule mweupe. Kosa linakuja pale mtu anapodhani kwamba mito ya Kikuletwa, Weruweru na Karanga inanyweshwa na weupe ule.

Tupige hesabu. Milimita moja ya maji juu ya kilometa moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Tuseme barafu yote, tuipe kilometa mbili za mraba, inapungua unene wa mita nzima kwa mwaka na kila tone linafika mtoni. Tumepata mita za ujazo milioni 2. Sasa shuka msituni, upande wa kusini, kati ya mita 1,800 na 2,800 kutoka usawa wa bahari. Huko mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Chukua kilometa za mraba 300 tu za msitu huo: ni mita za ujazo milioni 600. Miti inakunywa sehemu yake, na nyingine inarudi hewani. Basi tupa robo tatu, ubaki na milioni 150. Hata hapo mchango wa barafu haufiki mbili kwa mia, na barafu tumeipendelea sana. Kule juu hewa ni kavu na jua ni kali, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Haifiki kwa mtu yeyote.

Maji ya mvua ya msituni ndiyo yanayotufikia. Yanazama kwenye udongo mlaini wa msitu, yanaingia katika nyufa za mawe ya volkano, yanatembea chini kwa chini na kuibuka mbali, kwenye chemchemi kama zile za Chemka, katikati ya nyika kavu ambako mvua ni haba. Hiyo ndiyo sababu mito yetu inatiririka mwezi Septemba wakati tambarare yote imekauka. Ghala la maji la kiangazi ni msitu na mwamba ulio chini yake.

Na ghala hilo limeshatobolewa. Katika karne ya 20 mlima ulipoteza karibu theluthi moja ya msitu wake, chini kwa kufyeka na juu kwa moto. Ukanda wa juu kabisa una miti mifupi iliyojaa ndevu za mimea midogo inayoning'inia matawini, inayonasa ukungu na kuudondosha ardhini hata siku ambayo mvua haijanyesha. Ukichomwa, majani na vichaka vinavyoota mahali pake haviwezi kazi ile. Oktoba 2020 tuliuona moto wa mlimani kutoka Moshi, siku baada ya siku, na dunia nzima ikasikitika. Baada ya majuma machache wageni waliokuja kuniuliza habari za maji walikuwa wameshasahau moto na wamerudi kwenye barafu. Mrina asali anayeacha kijinga kikifuka kule juu ana madhara kwa Kikuletwa kuliko barafu yote inayoyeyuka mwaka huo.

Ukitoka msituni, njoo kwenye matumizi. Sensa ya 1967 ilihesabu watu takriban 653,000 mkoa wa Kilimanjaro. Ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.86. Mlima ni uleule. Mifongo, ile mifereji ya umwagiliaji ambayo wazee walichimba kwa ajili ya vihamba, mashamba yanayozunguka nyumba, sasa inagawana mito na mashamba ya mpunga na mboga ya tambarare, miji, na pampu zinazoendeshwa kwa mafuta zinazowekwa usiku mtoni bila kibali. Mbele ya hao wote, mto unakoelekea, kuna bwawa la kuzalisha umeme la Nyumba ya Mungu, na baada yake mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Vituo hivyo vitatu kwa pamoja vina uwezo wa megawati 97 vikipata maji ya kutosha. Mto Pangani ukipungua kule chini Korogwe, sababu ya kwanza kuitafuta ni kilichochukuliwa njiani.

Nakasirika kwa sababu dhana ya barafu inamwondolea kila mtu wajibu. Kama maji yanakwisha kwa sababu ya moshi wa viwanda vya nchi za mbali, basi aliyelima hadi kingo za chemchemi hana kosa, na aliyemuona akanyamaza hana kosa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pita kwenye mito ya Moshi Vijijini na kamba ya kupimia, uone migomba na mahindi yanaanzia wapi. Kila kikao naingia na ushauri uleule na sitauacha: ng'oeni mikaratusi iliyo kwenye chemchemi, rudisheni mikuyu. Mkaratusi unakua haraka kwa sababu unakunywa haraka. Na kihamba cha zamani, chenye miti mirefu juu, migomba katikati na kahawa chini, kinanywesha ardhi vizuri kuliko shamba la mahindi matupu. Anayekata miti yake ili auze mbao anauza na kivuli cha maji ya jirani.

Dhana nyingine nitazipitia kwa ufupi.

"Mvua zimekwisha." Hapana, zimevurugika. Masika ya Afrika Mashariki yalidhoofika tangu miaka ya 1980, na mkulima anayelalamika kuhusu Aprili hasemi uongo. Lakini vuli ya 2019 ilifurika, kisha ya 2023 nayo ikaja na El Niño, na mafuriko yakaendelea hadi 2024. Makadirio mengi ya tabianchi yanaonyesha ukanda wetu utapata mvua nyingi zaidi kwa jumla, ikija kwa vishindo na kuacha mapengo marefu katikati. Kinachotusubiri ni mvua ya wiki mbili inayoshuka siku mbili. Juu ya ardhi iliyovuliwa miti, mvua hiyo inabeba udongo hadi Nyumba ya Mungu na haiachi kitu kwa ajili ya kiangazi. Anayepanga kilimo chake kwa kungoja "mvua za zamani zirudi" anapoteza muda.

"Tusakafie mifongo, tutaokoa maji." Mfereji wa udongo unavujisha sana, ni kweli, na saruji inafikisha maji mengi shambani. Ila kinachovuja si chote kinachopotea. Sehemu inarudi chini na kulisha visima na chemchemi za walio mbele. Na kila ninapoona mfongo umesakafiwa bila makubaliano ya mgao, ekari za umwagiliaji zinaongezeka msimu unaofuata na mtoni hakirudi kitu. Kubalianeni kwanza kiasi kitakachobaki mtoni, kiandikwe kwenye kibali, ndipo mlete saruji.

"Maji yanayoingia baharini yanapotea bure." Waulize watu wa mji wa Pangani, mto unakoingia baharini. Mto unapokuwa dhaifu bahari inapanda, na chumvi inasogea ndani ya mto, inafika kwenye minazi na mashamba ya kando. Samaki na kamba wanaokulia kwenye mikoko wanahitaji maji baridi yanayochanganyika na ya chumvi. Maji yale yana wenyewe, tena hawajawahi kualikwa kwenye vikao vya huku juu.

"Mto ukikauka tutachimba kisima kirefu." Kisima kinachota kwenye ghala lilelile linalojazwa na msitu; kuongeza kina si kuongeza maji. Na katika ardhi yetu ya volkano, kuzunguka Meru na upande wa magharibi wa Kilimanjaro, maji ya chini mara nyingi yana madini mengi ya floraidi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima vinavyopita hapo kwa mbali sana. Meno ya kahawia tumeyazoea mno hata tunayaona ya kawaida, lakini floraidi hiyohiyo ikizidi inapinda mifupa. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki. Kabla ya kumlipa mchimbaji, ulizia vipimo vya visima vya jirani, na maji yakitoka yapeleke maabara kabla ya kujenga tangi. Kama kisima kimeshachimbwa na kipimo ni kikubwa, maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati yawe ya kunywa na kupikia, kwanza kabisa kwa watoto walio chini ya miaka minane ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga, na ya kisima yabaki ya kufulia na kuogea.