Utumbo hauhitaji kufuliwa: dhana potofu kuhusu tumbo na ukweli wake

"Tumbo langu chafu, nataka dawa ya kulisafisha." Wiki haipiti bila kauli hii kusikika katika chumba cha ushauri wa lishe hapa Dar es Salaam. Anayeitoa mara nyingi ameshatumia kitu: majani ya sanamaki ya Kariakoo, chumvi ya haluli, mafuta ya nyonyo, au vidonge vya "kutoa sumu" vilivyotangazwa mtandaoni. Ameharisha, akajisikia mwepesi siku mbili, kisha choo kikafunga kuliko mwanzo. Sasa anataka dawa kali zaidi. Jibu ni hapana, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa imani hii inaumiza watu wengi kuliko zote zinazohusu tumbo.

"Kuna uchafu ulioganda utumboni, lazima utolewe"

Wauzaji husema mabaki ya nyama na ugali hugandia kwenye kuta za utumbo kwa miaka, yakaoza na kumwaga sumu kwenye damu. Daktari anayepitisha kamera utumboni haoni ganda la aina hiyo. Anaona ukuta wa rangi ya waridi, laini, unaong'aa kwa ute. Ganda halina pa kushika: seli zinazotandika ukuta huo hubadilishwa na mpya kila baada ya siku 3 hadi 5, na zile kuukuu hutoka na choo. Kinyesi chenyewe karibu robo tatu yake ni maji, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni bakteria, walio hai na waliokufa, pamoja na nyuzinyuzi za chakula. Ndiyo sababu hata aliyeshinda siku mbili bila kula bado anaweza kupata choo. Sumu za mwilini zinashughulikiwa na ini na figo, saa 24, bila kungoja chai ya mtu.

"Mbona niliona kamba nyeusi zikitoka?" Soma kibandiko cha ulichomeza. Vidonge vingi vya aina hiyo vina isabgol, yaani maganda ya mbegu yanayovimba yakikutana na maji, au udongo laini unaoshikamana nayo. Vinapopita utumboni vinajifinyanga na kuchukua umbo lake. Ulichokiona chooni ni dawa yenyewe ikitoka.

Sasa tuangalie sanamaki inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo mtego ulipo. Viambata vyake hupita tumboni bila kubadilika mpaka utumbo mpana, bakteria huviamsha, navyo huchokoza neva za ukuta wa utumbo ili misuli ijikamue. Choo huja baada ya saa 6 hadi 12, mara nyingi na msokoto wa tumbo. Chumvi ya haluli hufanya tofauti: magnesiamu yake huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni, na mtu huanza kuharisha ndani ya nusu saa hadi saa 6. Haja ya kawaida humwaga sehemu ya mwisho tu ya utumbo mpana, lakini kuharishwa huumwaga karibu wote. Kuujaza tena kunahitaji mlo wa siku mbili au tatu. Katika siku hizo hakuna choo kwa sababu hakuna cha kutoka, ila mwenye tumbo anaamini amefunga tena, anachemsha majani mengine. Mzunguko unaanza.

Zile kilo moja au mbili zinazopungua kwenye mizani ni maji, na zinarudi ndani ya siku chache. Pamoja na maji hayo hutoka potasiamu, madini yanayoendesha mapigo ya moyo na misuli. Kwa anayetumia dawa za presha zinazokojoza, ambazo nazo hupunguza potasiamu, hali hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse kabisa chumvi ya haluli, maana figo dhaifu hushindwa kuitoa magnesiamu. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kifafa au ARV ajue kwamba kuharisha sana kunaweza kuzitoa kabla hazijafyonzwa. Na anayekunywa sanamaki kwa miezi, utumbo wake mpana hugeuka rangi ya kahawia hadi nyeusi. Rangi hiyo huisha polepole akiacha, lakini daktari akiiona kwenye kamera anajua mgonjwa amekuwa akitumia nini. "Chai za kupunguza tumbo" nyingi ni sanamaki hiyo hiyo: tafuta maneno Senna au Cassia kwenye pakiti.

Imani hii inakaa juu ya nyingine, kwamba asiyepata choo kila siku ni mgonjwa. Kawaida ni kuanzia mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki, mradi kinatoka laini na bila kukamua. Anayepata kila baada ya siku mbili bila taabu hana tatizo, aache kulitafuta.

Mwenye choo kigumu kweli ana kazi ya kufanya, na inaanzia jikoni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na gramu 400 za mboga na matunda. Hesabu yake kwa chakula chetu si ngumu. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 11 hadi 15. Nusu parachichi ina 6 au 7. Gramu 100 za mapera zina kama 5, chungwa moja 3. Ongeza fungu la matembele au mchicha na umefika. Sasa pima siku ya chai na maandazi asubuhi, chipsi mayai mchana, wali na nyama usiku: hiyo haifikii hata nusu.

Badilisha sembe kwa dona, kwa kuwa dona ina nyuzinyuzi karibu mara mbili. Wanaosema dona inachacha wanasema kweli, ila sababu ni kiini cha punje chenye mafuta, ambacho kwa sembe kimeondolewa. Kwa joto la Dar usinunue ya mwezi mzima. Saga ya wiki mbili, chambua punje zenye ukungu kabla ya kwenda mashineni, hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko.

Wanaokimbia maharage kwa sababu ya gesi wengi wanayapika vibaya. Gesi inatoka kwenye sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya, zikawafikia bakteria wa utumbo mpana wakazichachua. Sehemu ya sukari hizo huyeyuka kwenye maji ya kulowekea. Basi chambua, osha, loweka saa 8 hadi 12, badilisha maji mara moja katikati (usiku wa Dar ukiyaacha hivi hivi yanaanza kutoa povu), yamwage yote, kisha weka mapya. Yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, halafu yapike mpaka ukibonyeza punje kwa vidole viwili isage bila kubaki kiini kigumu. Magadi yanaharakisha kuiva lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Loweka tu.

Ongeza kitu kimoja kwa wiki, si vyote Jumatatu moja. Anayehama ghafla kutoka chipsi kwenda maharage mara mbili kwa siku atavimba tumbo na kulaumu maharage. Na nyuzinyuzi bila maji hukausha choo zaidi: kunywa mpaka mkojo uwe wa rangi ya manjano hafifu, ambayo kwa mtu mzima anayetoka jasho ni lita 2 na zaidi.

Halafu kuna saa ya choo, ambayo karibu hakuna anayeiuliza. Utumbo mpana husukuma kwa nguvu zaidi baada ya kuamka na baada ya kula, hasa ile nusu saa inayofuata kifungua kinywa. Mtu wa Chanika au Mbagala anayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala anaipoteza saa hiyo, kisha anabana mchana kutwa kwa kuwa choo cha kazini hakina maji. Kinyesi kinachobanwa huzidi kunyonywa maji na kukauka. Amka dakika 20 mapema, kula hata kipande cha papai na uji, kisha nenda ukakae chooni hata kama hujabanwa. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili tatu, utumbo utazoea. Choo cha kuchuchumaa kina faida hapa, maana msuli unaoikunja njia ya haja kama kitanzi hulegea ukichuchumaa. Waliohamia nyumba zenye vyoo vya kukaa waweke kigoda cha sentimita 20 chini ya miguu, magoti yawe juu kuliko nyonga. Simu ibaki nje. Dakika 10 zinatosha; kukaa nusu saa ukikamua ni kualika bawasiri.

"Vidonda vya tumbo vinaletwa na kuchelewa kula"

Haviletwi na njaa. Vingi vinatokana na bakteria Helicobacter pylori, au dawa za maumivu kama diklofenaki, aibuprofeni na aspirini. Barry Marshall na Robin Warren, waliowagundua bakteria hao na kazi yao hapa tumboni, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na bado watu wanatibiwa kwa kuambiwa wale mapema. Pima bakteria hao kwa kipimo cha choo. Kipimo cha damu huendelea kuonyesha "ndiyo" muda mrefu baada ya kupona, na hivyo kumfanya mtu arudie antibayotiki bure. Ukikutwa nao, maliza dozi yote ya antibayotiki, na upime tena wiki 4 au zaidi baada ya kuimaliza, ukiwa umeacha omeprazole (dawa ya kupunguza asidi) kwa wiki 2.

Wengi wanaojiita wenye vidonda wana kiungulia tu: wamefika nyumbani saa nne usiku baada ya foleni, wakala sahani nzima, wakalala. Acha saa 3 kati ya chakula na kitanda, lala ubavu wa kushoto, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haisaidii, inakunja tumbo.

"Maziwa baridi yanaponya vidonda"

Yanatuliza kwa muda mfupi, kisha protini na kalsiamu yake huchochea asidi zaidi. Ukiyapenda, yanywe, ila usiyaite dawa.

"Kunywa maji wakati wa kula kunazimua asidi"

Hapana. Tumbo linarekebisha asidi yake lenyewe. Kunywa.

"Mbegu za mapera zinaingia kwenye kidole tumbo"

Watoto wananyimwa tunda zuri kwa sababu hii. Kidole tumbo huvimba kinapoziba, mara nyingi kwa kipande cha kinyesi kigumu au tishu za ndani zilizovimba. Mbegu kuwa chanzo ni nadra sana. Mpe mtoto pera.

Choo chenye damu au cheusi kama lami, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, au choo kubadilika ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 45: hayo ni ya hospitali, si ya mlo. Na maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini kulia, na homa au kutapika, ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Hapo usimpe mgonjwa haluli, sanamaki wala nyonyo "kufungua tumbo": kidole tumbo kilichovimba kinaweza kupasuka.