Bima ya ukosefu wa ajira haipatikani kwa huruma pekee

Mimi ni mtu wa sheria za kazi, na kila uchumi unapoyumba naulizwa swali lilelile: kampuni zinafungwa, ndio wakati wa kuwatwika waajiri kodi nyingine, ya mfuko wa kuwalipa wanaofutwa kazi? Hujibu kwamba inategemea kodi hiyo imeundwaje, kisha nawapeleka Marekani ya Mdororo Mkuu, anguko la uchumi la miaka ya 1930.

Mwaka 1933 karibu robo ya nguvukazi ya nchi ile haikuwa na ajira. Watetezi wa bima walikuwepo, na hoja walikuwa nazo. Lakini ni jimbo moja tu, Wisconsin, lililokuwa limetunga sheria ya bima hiyo, Januari 1932. Mengine yalitegeana: atakayetangulia kuwatoza waajiri, viwanda vitamkimbia viende kwa jirani.

Woga wa aina hiyo hauondoki kwa hotuba. Uliondolewa na hesabu iliyowekwa ndani ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 14 Agosti 1935. Serikali kuu ilimtoza kodi ya mishahara kila mwajiri mwenye wafanyakazi 8 au zaidi, awe jimbo lolote. Aliyekwisha kuchangia mfuko wa bima wa jimbo lake alisamehewa hadi asilimia 90 ya kodi hiyo. Jimbo lisilo na mfuko? Waajiri wake wanalipa vilevile, fedha zinakwenda Washington, na waliofutwa kazi hawaambulii kitu. Kufikia 1937 majimbo yote yalikuwa na sheria, na Mahakama ya Juu ikaupitisha mpango huo kwa kura 5 dhidi ya 4.

Vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani waliachwa nje. Kisingizio kilikuwa ugumu wa kukusanya michango yao. Kwangu hakitoshi, maana mswada wa mbunge Ernest Lundeen uliwajumuisha kwa kutegemea kodi za urithi na vipato vikubwa. Ulikataliwa. Baadhi yao waliingizwa na marekebisho ya 1976.

Jambo ambalo wanaharakati wengi hulisahau ni kwamba mfuko hujazwa kwanza ndipo ulipe. Hata Wisconsin, waliotangulia, malipo ya kwanza yalitoka Agosti 1936. Walionusuru watu 1933 ni shirika la misaada la serikali kuu, chini ya Harry Hopkins, lililoanza na dola milioni 500 kutoka hazina. Ndiyo maana vyama vinavyoniomba ushauri navihimiza viandike madai mawili yasiyochanganywa: fedha za hazina kwa walio mtaani leo, na mfuko wa michango kwa mdororo ujao.